Rangi ya kikwembe ikimwagwa, inakwenda wapi?



Katika vikundi vyetu vingi kuna wamama wanaotia rangi nguo. Wengine wanafunga kitambaa kwa kamba kabla ya kukichovya. Wengine wanachora kwa nta na kutengeneza batiki. Wengine wananunua bazini nyeupe na kuirudisha sokoni ikiwa ya buluu, ya zambarau au ya kijani. Kazi hii inalipa minerval ya watoto, inaleta unga nyumbani, inajaza sanduku la likelemba. Hatuna haya nayo. Tunajivunia.

Lakini kila nguo iliyopata rangi inaacha nyuma yake basani la maji machafu. Jioni fundi amechoka, mvua inakaribia, na basani linamwagwa kwenye mfereji. Kesho yake mama mwingine, kule chini ya kilima, anateremka na bidoni lake na kukuta kijito kimegeuka. Anakasirika, na ana haki. Halafu magomvi yanaanza: wanaotafuta maji upande huu, wanaotafuta mkate upande ule, na wote ni wamama wa kartie moja.

Kuna watu wanaosema dawa ni kuacha kazi ya rangi. Sisi hatusemi hivyo. Tunasema rangi isimwagwe, ishikwe. Juma hii tunaeleza kuna nini ndani ya basani lile, namna wataalamu wanavyoitoa rangi majini kwa msaada wa kimiminika kingine, kwa nini njia hiyo hatari isijaribiwe nyumbani, na mambo ambayo sisi wenyewe tunaweza kuyaanza kesho.

Maji hayana "mbali"

Tukimwaga kitu mtoni tunasema, "Kimekwenda mbali." Tufuate basi maji yetu tuone.

Mfereji wa Bukavu unaingia Ziwa Kivu. Ziwa Kivu linatoka kwa mto Ruzizi, na Ruzizi inateremka katika bonde mpaka Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira na Bujumbura. Ziwa Tanganyika nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Lukuga, pale Kalemie. Lukuga inaingia Lualaba. Lualaba inapita Kindu, inafika Kisangani, inakuwa mto Congo, na mto Congo unapita Kinshasa kabla ya kuingia baharini. Katika safari hiyo yote hakuna mahali panapoitwa "mbali". Kila mahali kuna mama anayeteka maji, mvuvi anayetupa wavu, mtoto anayeoga.

Katika njia ileile ya maji, nchi yetu iliweka pia viwanda vyake vya nguo. Watu wa Kalemie wanaikumbuka Filtisaf, wa Kisangani wanaijua Sotexki, wa Kinshasa wanaijua Utexafrica. Kutia rangi si jambo la ugeni kwetu. Jambo jipya ni kwamba leo sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika uani, katika mabasani, bila bomba la kupeleka maji machafu kwenye matengenezo. Ndiyo sababu sisi wenyewe tunapaswa kuielewa.

Kuna nini ndani ya basani?

Kwanza, kuna rangi uliyoilipia. Si rangi yote inayoingia katika kitambaa. Katika rangi zile zinazoshikamana na nyuzi za pamba, sehemu moja inashikana na maji badala ya kushikana na kitambaa, na ikisha kufanya hivyo haiwezi tena kurudi kwenye nguo. Kazi ikifanywa vizuri, sehemu inayopotea inaweza kuwa moja kwa kumi. Ikifanywa vibaya inaweza kufika nusu. Yaani nusu ya paketi uliyoinunua kwa franga zako inakwenda mferejini.

Tena rangi haihitaji kuwa nyingi ili ionekane. Kuna rangi ambazo gramu moja tu katika litri 1.000 za maji, yaani bidoni 50 za litri 20, jicho linaweza bado kuiona. Kwa hiyo kuongeza maji ili rangi "ififie" ni kazi ya kujichosha. Rangi haijaondoka, imetapakaa tu. Maji yenye rangi nyingi yanazuia mwanga wa jua kufika chini, na mimea ya majini inayowapa samaki hewa inadhoofika.

Pili, kuna vitu vilivyosaidia rangi kushika: chumvi nyingi, na soda. Wanaofanya kazi na soda kostike na hidrosulfiti wanajua harufu yake kali. Hidrosulfiti inanyonya hewa iliyo ndani ya maji, na samaki wanabaki bila pumzi. Soda kostike inaunguza ngozi, na mtoto akiimeza inaunguza koo na njia ya chakula.

Tatu, kuna jambo la afya ya fundi mwenyewe. Mwaka 1895, katika mji wa Frankfurt, daktari Mjerumani Ludwig Rehn alitoa habari ya uvimbe wa kibofu cha mkojo aliouona kwa wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza rangi. Baadaye wataalamu walitambua kwamba vitu fulani vinavyotumika kutengeneza rangi, vya jamii ya amini, vinaweza kuleta kansa ya kibofu. Baadhi ya rangi za nguo, zikivunjika, zinaweza kurudisha amini hizo. Ndiyo sababu mwaka 2002 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza, katika nguo na ngozi zinazogusa mwili, rangi zinazoweza kutoa amini 22 zilizotajwa kwa jina. Si kila rangi ni ya namna hiyo, na hatuandiki haya ili kumtisha mtu. Tunaandika kwa sababu rangi nyingi za soko zinauzwa katika vifuko visivyo na jina, na mama anayechovya mikono mitupu kila siku hajui anachovya ndani ya nini.

Jaribio la chupa mbili

Sasa tuje kwenye namna ya kuitoa rangi majini. Njia moja ambayo wataalamu wanaitumia inasimama juu ya jambo ambalo kila mama analijua jikoni: mafuta na maji havichanganyiki, na kila rangi ina mahali inapopenda kukaa.

Fikirini mawese. Ngazi zikichemshwa na kupondwa katika maji, ule wekundu unapanda juu pamoja na mafuta. Maji ya chini yanabaki na rangi kidogo sana, hata tukiyachemsha saa nzima, kwa kuwa wekundu wa mawese unapenda mafuta.

Mnaweza kuwaonyesha watoto kwa chupa mbili ndogo za plastiki zinazoonyesha ndani. Katika chupa ya kwanza tieni maji nusu, na unga kidogo wa manjano ya kupikia. Katika ya pili tieni maji nusu yaliyokamuliwa katika beterave. Juu ya kila chupa ongezeni vidole viwili vya mafuta meupe ya kupikia, si mawese, kwa maana mawese tayari yana rangi yake. Fungeni vizuri, tikiseni kwa nguvu, kisha wekeni mezani mngoje mafuta yapande.

Katika chupa ya manjano mtaona mafuta yamechukua rangi. Katika chupa ya beterave mafuta yamebaki kama yalivyokuwa, na wekundu wote uko chini majini. Kazi ni ileile na kutikisa ni kulekule, ila rangi moja ilihama na nyingine ilikataa.

Hiyo ndiyo elimu nzima kwa ufupi. Mtaalamu anachukua maji machafu ya rangi, anaongeza kimiminika kisichochanganyika na maji, anakoroga ili viwili vigusane vizuri, kisha anaacha vitengane. Rangi ikikubali kuhama, inapanda na kimiminika kile, na maji yanabaki chini yakiwa yameachwa na rangi. Anafungua robine ya chini, maji yanatoka peke yake.

Rangi inayokataa inatafutiwa mshenga

Shida ni kwamba rangi nyingi za nguo zina tabia ya beterave. Zimetengenezwa ili ziyeyuke majini, kwa maana bila hivyo zisingeingia katika kitambaa. Ukizikoroga na mafuta matupu zinakataa kuhama.

Kwa hiyo wataalamu wanamtafutia rangi mshenga. Tunajua mshenga ni nani: yule anayetumwa kati ya familia mbili za arusi, anayejua kusema na upande huu na upande ule, mpaka binti anatoka kwa wazazi wake kwa amani na kuingia nyumba nyingine. Rangi nyingi za pamba na za sufu, zikiwa majini, zinabeba umeme mdogo wa alama ya kutoa, kama upande mmoja wa jiwe la redio. Mshenga wake ni dawa inayobeba alama ya kuongeza, na ambayo mwili wake mwingine unapenda mafuta. Viwili vinashikana mkono, umeme unasawazika, na rangi iliyokataa mafuta sasa inakubali kuingia. Rangi nyingine, kama zile za nyuzi za akriliki, zinabeba alama ya kuongeza. Hizo zinatafutiwa mshenga wa upande mwingine.

Jambo la pili linaloamua ni ukali wa maji, yaani kama yana asidi kama ndimu au yana soda kama majivu. Ukigeuza ukali, rangi ileile inaweza kukubali au kukataa. Wataalamu wanatumia tabia hiyo mara mbili. Mara ya kwanza wanaweka ukali unaoifanya rangi iingie katika mafuta. Mara ya pili wanachukua mafuta yale yaliyojaa rangi, wanayakoroga na maji machache mapya yenye ukali mwingine au yenye chumvi fulani, na rangi inashuka tena. Sasa rangi iliyokuwa imetapakaa katika maji mengi imekusanyika katika maji machache. Mafuta yanabaki matupu na yanarudi kazini.

Hapo ndipo uzuri wa njia hii ulipo. Njia nyingine zinaiharibu rangi au zinaizika katika matope. Njia hii inaikusanya, na kuna mahali inaweza kutumika tena.

Wasomaji wetu wa Katanga wasione jambo hili ni la mbali, kwa sababu ndivyo shaba inavyotolewa katika viwanda vikubwa vya siku hizi. Mawe yanayeyushwa katika asidi, yanatoa maji yenye shaba. Maji yale yanakorogwa na mafuta ya jamii ya petroli ya taa yaliyo na mshenga wa shaba. Shaba inahamia katika mafuta na takataka nyingi zinabaki majini. Kisha mafuta yanakorogwa na asidi kali, shaba inashuka, na umeme unaigeuza kuwa mabamba. Kiwanda cha Tenke Fungurume, kilichoanza kutoa shaba mwaka 2009, kinafanya kazi kwa njia hiyo. Kinachokamata shaba kinaweza, kwa mshenga mwingine, kukamata buluu ya kikwembe.

Kwa nini tusijaribu nyumbani

Tunajua wamama wetu ni wepesi wa kushika jambo. Mwingine akisoma mpaka hapa atasema, "Nina petroli ya taa nyumbani, nijaribu." Tafadhali, mama, usijaribu.

Vimiminika wanavyotumia wataalamu vingi vinashika moto upesi, na moshi wake unaleta kizunguzungu na kuharibu mwili. Kazi hiyo inafanywa katika vyombo vilivyofungwa, na watu waliofundishwa, mbali na mbabula. Ukimwaga petroli au esansi ndani ya basani la rangi, utapata mambo matatu: rangi yako haitahama kwa kuwa hakuna mshenga, nyumba yako inaweza kuungua, na maji uliyotaka kuyasafisha yatakuwa na sumu mbili badala ya moja. Petroli kidogo tu ikiingia katika chemchemi, maji yananuka na hayanyweki.

Hata viwandani njia hii ina gharama yake. Mafuta kidogo yanabaki kila mara ndani ya maji na lazima yatolewe. Mshenga anauzwa bei. Chumvi haihami, inabaki majini. Ndiyo sababu wataalamu wengine wamejaribu mafuta ya mimea yanayolika mahali pa vimiminika vya hatari, na viwanda vingi vimechagua njia nyingine, kama kuchuja kwa makala maalumu au kwa ngozi nyembamba zenye matundu yasiyoonekana.

Jambo la kushika kutoka kwao si chupa ya petroli. Ni mpango wao: kwanza tenga maji ya rangi na maji mengine, pili ikusanye rangi mahali padogo, tatu usiache kitu kitoke bila kujua kinakwenda wapi.

Mji uliofungiwa kazi

Kuna mji kusini mwa India unaoitwa Tiruppur. Unaishi kwa nguo: fulana nyingi zinazovaliwa duniani zinashonwa na kutiwa rangi pale. Kwa miaka mingi maji ya rangi yalimwagwa katika mto Noyyal. Chini yake kulikuwa na bwawa la Orathupalayam, lililojengwa ili wakulima wapate maji ya mashamba. Bwawa lile likageuka kuwa ghala la maji ya rangi na chumvi. Mashamba yaliharibika, visima vikawa na chumvi, na wakulima wakaenda mahakamani.

Mwezi wa kwanza mwaka 2011 mahakama kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi vya Tiruppur vifungwe. Vilikuwa zaidi ya 700. Vilitakiwa visifunguliwe mpaka viwe na njia ya kutotoa hata tone la maji machafu. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, walibaki bila kazi. Vilivyorudi kazini vililazimika kusafisha maji yao, kuyatumia tena, na kuikausha chumvi.

Tunaleta habari hii kwa sababu moja. Mwanzoni watu wengi pale walifikiri ni vita kati ya mkulima na mtu wa rangi. Mwishowe wote wawili walipoteza: mmoja shamba, mwingine kazi. Kama wangeishika rangi tangu mwanzo, mahakama isingehitajika. Sisi tungali na mabasani, hatujafika kwenye viwanda 700. Huu ndio wakati.

Tunayoweza kufanya uani kwetu

Haya ndiyo mambo tunayowaomba wamama wa rangi wayafanye. Hayahitaji mashine.

1. Pima rangi. Tumia mizani ndogo au kijiko kimoja kisichobadilika, na uandike katika daftari. Kumimina kwa macho ni kumwaga franga.

2. Ipe rangi muda. Kwa rangi zinazoshika pamba bila moto, funga nguo iliyolowa ndani ya plastiki na uiache usiku kucha kabla ya kuisuuza. Rangi iliyopata muda wa kushika haitoki katika maji ya suuza, wala mteja wako hatalalamika kwamba kikwembe kimechujuka.

3. Panga kazi ya siku. Anza na rangi nyepesi, malizia na nzito. Maji ya basani yaliyobaki na nguvu yatie nguo ya pili, itoke na rangi hafifu. Wateja wengine wanaipenda hiyo hafifu.

4. Suuza kwa mabasani matatu. Nguo ipite basani la kwanza, la pili, la tatu. Rangi nyingi itabaki katika la kwanza. La tatu likiwa karibu safi, kesho litakuwa la kwanza. Kwa njia hii maji machafu yanapungua sana, na watoto wanabeba bidoni chache.

5. Maji machafu yasimwagwe siku ileile. Yatie katika pipa lenye kifuniko. Kama ni rangi ya soda kostike na hidrosulfiti, iache hewa iingie, na ukoroge kwa mti mrefu mara kadhaa kwa siku mbili. Hewa inaifanya rangi hiyo iache kuyeyuka, nayo inatua chini kama unga. Kwa rangi nyingine, jaribu katika chupa kwanza: tia shabu ya kusafishia maji, ncha ya kijiko katika litri moja, koroga, ngoja. Ikitua, fanya vivyo hivyo katika pipa. Isipotua, usiongeze ovyo, nenda kwenye hatua ya sita.

6. Chuja polepole. Toboa chini ya ndoo matundu madogo. Panga kokoto chini, mchanga uliooshwa katikati, na makala yaliyopondwa na kuoshwa juu, kisha mchanga kidogo wa kuyashikilia. Mimina maji kidogo kidogo. Makala ya mbabula hayana nguvu kama makala maalumu ya viwandani, lakini yanashika sehemu ya rangi. Weka maji yaliyotoka katika chupa mbele ya karatasi nyeupe uangalie. Rangi ikianza kupita, makala yameshiba, badilisha.

7. Matope na makala yaliyoshiba yana rangi yote uliyoikamata. Usiyatie shambani, usiyachome katika mbabula ya kupikia. Yakaushe juani juu ya plastiki, mbali na kuku na watoto, kisha yafunge katika mifuko miwili na kuyahifadhi mahali pamoja ambapo kikundi kizima kinapajua.

Tuseme pia kweli moja ambayo mwingine atapenda kuisahau: maji yaliyotoka meupe si maji ya kunywa. Chumvi na soda havionekani kwa macho, na mchanga wetu hauvishiki. Maji hayo yatumike tena kazini, kwa kuosha mabasani au kwa suuza ya kwanza ya rangi nzito. Yakizidi, yamwagwe katika shimo la kunyonyea lililo chini ya kisima, si juu yake, na mbali nacho angalau metre 30, kama tunavyofanya na choo. Hii si dawa kamili, lakini ni bora mara nyingi kuliko kijito.

Mikono, macho na watoto

Vaa mipira ya mikono na ufunike pua unapopima rangi ya unga. Soda ndiyo inayotiwa majini kidogo kidogo. Maji yasimwagwe juu ya soda, yataruka na kukuunguza. Sufuria ya rangi isirudi jikoni hata ikisuguliwa namna gani. Soda kostike isikae kamwe katika chupa ya fanta au ya maji, kwa maana mtoto hajui kusoma kilichomo, anajua chupa.

Soda ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika nyingi, kisha kimbilia kituo cha afya. Mtoto akimeza soda au petroli, usimtapishe: kinachounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Mpeleke kwa daktari upesi, na uchukue chupa ili waone alichokunywa.

Kwa kikundi chenu

Wamama, mtu mmoja peke yake atachoka. Kikundi kinaweza kununua pipa moja kwa fedha ya sanduku, kujenga chujio moja, na kupanga zamu za kulilinda. Kikundi kinaweza kwenda kwa mwenye duka na kusema: hatununui rangi isiyo na jina. Na kikundi kinaweza kuwaita wamama wa chini ya kilima, wale wanaoteka maji, waje waone. Anayeona pipa na chujio kwa macho yake haamini tena kila maneno ya barabarani.

Tunawapa maswali haya ya kuzungumza katika mkutano wa juma hii:

Katika kartie yetu, maji ya rangi yanamwagwa wapi, na ni nani anayeteka chini yake?

Kati ya mambo saba tuliyoandika, ni yapi mawili tunaweza kuyaanza bila kununua kitu?

Ni nani atakayeshika daftari la kupima rangi, ili mwisho wa mwezi tujue ni paketi ngapi tumeokoa?

Wazee wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki. Rangi ikiwa bado ndani ya basani, tuna nafasi ya kuishika. Ikisha kuingia mferejini, hata mwenye elimu yote ya Tenke hawezi kuturudishia.

Juma njema, na kazi njema.